Chumba cha Kupanga na Sera Isiyokiona

Hesabu ya mahitaji ya nyumba mijini hufanywa kwa kawaida kwa njia moja tu: zinahesabiwa kaya, zinahesabiwa nyumba bora zilizopo, hii inatolewa katika ile, na kinachobaki kinaitwa upungufu. Kwa hesabu hiyo, Dar es Salaam ya miongo ya mwisho ya karne ya ishirini ilikuwa mji usiowezekana. Sensa ya 1967 iliukuta mkoa huo na watu 356,000 hivi. Ya 1978 ikakuta 843,000. Ya 1988 ikakuta milioni 1.36, na ya 2002 ikakaribia milioni 2.5. Katika miaka hiyo 35, vyombo vyote vya dola vilivyopewa kazi ya nyumba, ukivijumlisha pamoja, vilijenga sehemu ndogo mno ya nyumba zilizohitajika. Hata hivyo mji haukuwa na maelfu kwa maelfu ya familia zinazolala kando ya barabara, kama ilivyokuwa Bombay au Calcutta. Watu walilala ndani, chini ya bati au makuti, na asubuhi wakaenda kazini. Basi kuna aliyewalaza, naye hayumo katika hesabu ya upungufu. Nadai kwamba aliyeipa Dar es Salaam mahali pa kulala ni mwenye nyumba mdogo, yule anayekaa chumba kimoja au viwili vya nyumba yake na kupangisha vilivyobaki; na kwamba sera ya nyumba ilishindwa kwa sababu, hata kabla ya fedha kuwa kikwazo, ilikuwa na nafasi ya mtu anayemiliki nyumba yake na ya mpangaji wa serikali, bila kuwa na nafasi ya huyu wa tatu wala ya wapangaji wake.

Nyumba yenyewe anaijua kila aliyepita Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke au Manzese. Mlango wa mbele unaingia kwenye ukumbi mrefu unaoikata nyumba katikati. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa uani, na uani kuna jiko, bafu, choo cha shimo, na mara nyingi mabanda ya vyumba vingine viwili vitatu. Mbele ni baraza. Fundi wa mtaani ana ramani hiyo kichwani, haihitaji mchoro wa mtu. Uzuri wake mkubwa ni wa kiuchumi: haidai kujengwa kwa mkupuo. Mwenye kiwanja anaanza na vyumba viwili, kimoja anakaa yeye, kingine anapangisha, na kodi ya chumba hicho inanunua bati na saruji ya kile cha tatu. Baada ya miaka kadhaa nyumba imetimia, ina kaya tano au sita ndani yake, na mwenye nyumba ana kipato kisichotegemea mwajiri. Kwa mjane au mwanamke aliyeachika, na wanawake wenye nyumba za aina hii walikuwa wengi, vyumba vile ndivyo vilikuwa pensheni. Kwa kijana aliyeshuka juzi kutoka Morogoro au Lindi, chumba kimoja chenye kitanda na jiko la mkaa mlangoni kilikuwa ndiyo njia ya pekee ya kuanza mji bila mtaji. Mtakwimu aliyeona nyumba moja yenye kaya sita aliandika upungufu wa nyumba tano. Hakukosea kusema kuna msongamano, maana ulikuwepo. Alikosea kudhani kwamba dawa yake ni nyumba tano zaidi, kila moja ya familia moja, na kila moja ya kununuliwa.

Dhana hiyo ilianza kufanya kazi mapema. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na jukumu lake la kwanza lililoonekana lilikuwa kubomoa nyumba za miti na udongo na kujenga za matofali ya saruji mahali pake. Mtu anaweza kuelewa hamu hiyo. Nchi imepata bendera yake, na viongozi wake hawakutaka kurithi mji uliogawanywa na wakoloni baina ya Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika iliyoachwa bila mifereji. Lakini nyumba ya udongo inapobomolewa na ya saruji kusimama palepale, mji umepata ukuta imara bila kupata chumba kipya. Sehemu kubwa ya nyumba ambazo shirika lilijenga Dar es Salaam katika muongo huo zilikuwa za kuziba pengo la zile zilizoangushwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mpango wa bomoabomoa ulikuwa umeachwa kwa sababu gharama zake hazikubebeka. Inafurahisha, kwa namna fulani, kwamba nyumba nyingi zilizojengwa Magomeni kwa utaratibu huo zilifuata ramani ile ile ya ukumbi na vyumba. Wahandisi wa shirika walijua mji unaishije, ingawa waliowaandikia malengo hawakuonyesha kulijua hilo.

Kisha likaja suala la itikadi, na hapa lazima tuwe waangalifu, kwa kuwa ni rahisi kulicheka leo. Azimio la Arusha la 1967 lilipiga marufuku kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Katika fikra ya wakati ule, kodi ya nyumba ilikuwa mfano wa wazi kabisa wa unyonyaji: mtu anakula jasho la mwenzake akiwa amekaa. Mwaka 1971 ikafuata sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Yalikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Sheria hiyo haikuwa na ukatili usio na sababu. Katikati ya mji, majengo ya ghorofa yalikuwa mikononi mwa wachache, wengi wao wenye asili ya Asia, na malalamiko kuhusu kodi yalikuwa ya kweli. Wala haikugusa nyumba ya vyumba sita ya Temeke, ambayo thamani yake ilikuwa mbali na kiwango kile. Tatizo ni kile ilichokitangaza. Ilisema kwamba kupangisha ni shughuli inayovumiliwa, isiyostahili kusaidiwa. Tangu hapo hakuna mwenye fedha nyingi aliyekuwa na sababu ya kujenga nyumba za kupangisha, na mzigo wote wa kuwapa wahamiaji vyumba ukawaangukia wenye fedha kidogo. Majengo ya Msajili nayo yakapangiwa kodi ya chini hivi kwamba haikutosha kupaka rangi, sembuse kubadilisha mabomba. Mpangaji aliyepata mojawapo ya nyumba hizo hakuiachia. Akiondoka, alimpisha mwingine kwa kilemba. Kwa hiyo kodi ya soko ililipwa, ila haikwenda kwa Msajili aliyepaswa kukarabati, ilikwenda mfukoni kwa mpangaji aliyetangulia. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa sera inayopiga vita faida na kuishia kuihamisha tu.

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilikusudiwa kuwa mkono wa pili: serikali haitajenga kila nyumba, itamkopesha mwananchi ajenge. Lakini benki hukopesha kwa dhamana, na dhamana ya nyumba ni hati ya kumiliki ardhi. Hati ilihitaji kiwanja kilichopimwa. Kiwanja kilichopimwa kilihitaji kugawiwa na ofisi ya ardhi. Na vilivyogawiwa vilikuwa vichache. Mikopo, kwa hiyo, ilielekea kwa wenye mishahara mizuri na wenye kujuana na maofisa. Benki ikakopesha bila kurejeshewa vya kutosha, mfumuko wa bei ukala kilichorejeshwa, na mwaka 1995 ikafungwa. Inatosha kusema hivyo juu yake. Kiini cha tatizo kilikuwa nyuma ya benki, kwenye kiwanja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ofisi za ardhi za Dar es Salaam zilipokea maombi ya viwanja zaidi ya 250,000, na viwanja vilivyogawiwa havikufika 20,000. Yaani kati ya kila watu kumi na watatu waliofuata sheria, mmoja ndiye aliyepata. Ardhi ilikuwa mali ya umma, na chombo pekee chenye mamlaka ya kuipima na kuigawa kilikuwa kile ambacho hakikuwa na vifaa, magari wala fedha za fidia kwa wenye mashamba. Zaidi ya hayo, mabaraza ya miji yalikuwa yamevunjwa katika mabadiliko ya utawala ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hayakurudi hadi 1978, na tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, Dar es Salaam ilikuwa mji ambao serikali ilitaka, angalau kwa maneno, kuuhama. Kulikuwa pia na hofu iliyojificha: ukiwapimia watu viwanja, unawaalika waje. Hofu hiyo ndiyo iliyoendesha misako ya kuwarudisha vijijini wasio na kazi, kuanzia enzi ya ukoloni hadi kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983. Waliopakiwa kwenye malori walirudi mjini, na hakuna kiwanja kilichoongezeka.

Watu waliobaki kumi na wawili hawakukata tamaa. Walikwenda kwa mwenye shamba la minazi au mikorosho, Buguruni, Manzese, Mbagala, Kimara, wakapatana bei, wakapima kwa hatua, wakaweka mipaka ya miti, na mauziano yakaandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi na mjumbe wa nyumba kumi. Karatasi hiyo haikuwa hati, lakini mtaa mzima uliiheshimu, na mjumbe alikuwa ofisa wa chama tawala. Ni kosa basi kuwaita watu hawa wavamizi, kama ambavyo nyaraka nyingi zilifanya. Walinunua. Mwishoni mwa karne karibu asilimia 70 ya wakazi wa jiji walikuwa wakiishi katika maeneo ya namna hiyo. Mji ambao theluthi mbili yake ni holela hauwezi kuwa na wakosaji wengi kiasi hicho. Lazima tuseme kwamba sheria ndiyo iliyokuwa imejitenga na mji.

Serikali iliwahi kuliona hilo, na kipindi hicho ndicho kinachonishawishi zaidi. Mwaka 1972 mawazo ya dunia yalikuwa yamebadilika: msanifu majengo John Turner, aliyefanya kazi katika vitongoji vya Lima, alikuwa akisema kwamba maskini akiachiwa uamuzi hujenga vizuri kuliko wizara, na Benki ya Dunia ilianza Dakar mradi wake wa kwanza wa kuwapa watu viwanja vyenye huduma badala ya nyumba zilizokamilika. Tanzania ikaingia katika mpango huo mwaka 1974, na awamu ya pili ikaanza 1977. Ulikuwa na sura mbili. Katika mashamba yaliyokuwa bado wazi, kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, serikali ilipima viwanja vidogo, ikachonga barabara, ikaleta maji, na kumwachia mwananchi kujenga. Katika mitaa iliyokwisha kujaa, kama Manzese na Mtoni-Tandika, iliingiza barabara, mabomba na taa katikati ya nyumba zilizosimama bila kuzivunja isipokuwa chache. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dola kukiri kwamba kazi yake siyo kujenga kuta. Miradi hiyo ilienea pia Mbeya, Mwanza, Tanga, Tabora, Iringa na Morogoro, kisha katika miaka ya 1980 ikaisha, wafadhili wakaenda kwenye mambo mengine, na haikuendelezwa kwa fedha za ndani.

Kwa nini iliachwa? Sababu iliyotolewa mara nyingi ni kwamba haikuwafikia maskini. Sinza ilikusudiwa watu wa kipato cha chini, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa ofisini, wafanyabiashara na mabaa. Waliopewa viwanja waliviuza, au waliovipata tangu mwanzo hawakuwa maskini. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na sitalikwepa. Lakini linapima mradi kwa jicho la yule yule asiyeona wapangaji. Linauliza nani ana kiwanja, haliulizi vyumba vingapi vilijengwa juu yake na nani anakaa humo. Nyumba za Sinza zilijaa wapangaji: wanafunzi, makarani, mafundi, wauza duka. Na kila mfanyakazi wa kipato cha kati aliyepata Sinza ni mmoja aliyeacha kumzidi bei fundi cherehani kwenye chumba cha Magomeni. Kuna ushahidi mwingine wa muda mrefu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wachumi waliolinganisha maeneo ya mradi ule katika miji saba ya Tanzania, miongo kadhaa baadaye, na maeneo jirani ambayo hayakuguswa. Pale viwanja vilipopimwa kabla ya watu kufika, nyumba zilikuwa kubwa zaidi, zimepangwa kwa mstari, na zimeunganishwa vizuri zaidi na huduma. Pale huduma zilipoingizwa baada ya watu kujaa, tofauti na maeneo yasiyoguswa ilikuwa imefifia, kwa kuwa barabara zilivamiwa na mabomba hayakutunzwa. Mstari wa mpimaji, kumbe, ulidumu kuliko bomba. Nao ndio ulikuwa wa bei rahisi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo huitwa Singapore. Kule serikali iliunda bodi ya nyumba mwaka 1960, ikajipa mwaka 1966 sheria ya kutwaa ardhi kwa bei ndogo, ikawaruhusu wafanyakazi mwaka 1968 kutumia akiba yao ya uzeeni kununulia nyumba, na kufikia miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 80 ya watu walikuwa katika nyumba za bodi hiyo. Je, si ushahidi kwamba dola ikitaka inaweza kuujenga mji mzima? Inaweza, ikiwa na kile ambacho Singapore ilikuwa nacho: sehemu kubwa ya wafanyakazi wakiwa kwenye orodha ya mishahara, na sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa kila mwezi kabla haijafika mkononi. Dar es Salaam ya 1980 ilikuwa na mama lishe, wachukuzi, wavuvi, wauza mkaa, na makarani ambao mshahara wao wa mwezi haukumaliza wiki mbili. Mfano wa kujifunzia ulikuwa karibu zaidi. Zanzibar ilijaribu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Rais Abeid Karume aliahidi nyumba za kisasa kwa wakazi wa mtaa wa Ng'ambo, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walisaidia kuchora, nyumba za Ng'ambo zikavunjwa, na Michenzani ikasimama: majumba marefu ya ghorofa yaliyopangwa kwenye njia panda, kila moja likifika kama mita 300. Ni majengo ya kuheshimika, na dhamira yake ya usawa haikuwa ya mchezo. Lakini ujenzi uliovunja nyumba za watu ulikwenda polepole mno kuliko mji ulivyokua, hasa baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, na walioikosa Michenzani walifanya kama wenzao wa Bara: wakanunua vipande vya mashamba pembezoni na kujenga bila ramani. Ghorofa haikuzuia makazi holela kwa sababu ghorofa haiongezi chumba cha kupangisha siku mwenye nyumba anapopata fedha kidogo. Imekamilika tangu siku ya kwanza, na huo ndio udhaifu wake katika mji wa watu wasio na mshahara.

Pingamizi la tatu linaniumiza zaidi, kwa sababu linamhusu mpangaji mwenyewe. Huwezi, wanasema, kumfanya mwenye nyumba shujaa wa mji. Huyu ndiye anayedai kodi ya miezi sita mbele, anayeongeza bei akiona mpangaji amenunua redio mpya, anayefungia maji, anayemtoa mama mwenye watoto ili amweke mwanawe aliyeoa. Yote haya yalitokea na yanatokea. Ila tukiitazama Nairobi tutaona kwamba ukali wa mwenye nyumba hautokani na kupangisha kwenyewe. Unatokana na masharti anayopangisha ndani yake. Kibera ilisimama juu ya ardhi ya serikali. Ruhusa ya kujenga ilipitia kwa machifu na maofisa, bila hati, bila karatasi inayoheshimika, na ingeweza kufutwa asubuhi moja kwa tingatinga, kama wakazi wa kitongoji kingine cha Nairobi, Muoroto, walivyojua Mei 1990. Mtu anayejenga katika hali hiyo hujenga ili fedha yake irudi haraka kabla hajavunjiwa: kuta za udongo, bati juu, chumba cha futi kumi kwa kumi, choo kimoja kwa watu wengi wasiohesabika. Wengi wa wenye vibanda hawakukaa Kibera; walikuwa na wakala wa kukusanya kodi. Zaidi ya wakazi tisa kati ya kumi wa vitongoji vya namna hiyo jijini Nairobi walikuwa wapangaji. Ukilinganisha na Manzese, watu ni maskini vilevile na dola ni dhaifu vilevile, ila mwenye nyumba wa Manzese analala chumba cha mbele, anatumia choo kile kile, na ana karatasi ya mjumbe inayompa imani kwamba mwanawe atairithi. Basi anapopata fedha anabadilisha udongo kwa tofali. Katika miaka ya ukata ya mwanzoni mwa muongo wa 1980, saruji ilipokuwa ya kutafutwa kwa kujuana, alisubiri. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, akaendelea. Usalama wa ardhi, hata ule wa nusu, ndio uliomfanya mwenye nyumba wa Dar es Salaam kuwa bora kuliko wa Nairobi, wala si tabia zake.

Hii haimaanishi kwamba Manzese ilikuwa pahala pazuri pa kuishi, na hapo pingamizi la mwisho, la afya, linapata nguvu yake yote. Choo cha shimo kikiwa hatua chache kutoka kisimani, kipindupindu hakihitaji mwaliko. Kilijirudia mjini tangu miaka ya 1970. Nyumba zilizojengwa kwenye bonde la Msimbazi zilizama kila mvua kubwa zilipofika. Gari la zimamoto halikuweza kupita, na maiti ilibebwa mabegani hadi barabarani. Mwenye nyumba mdogo angeweza kujenga vyumba sita, hangeweza kujenga mfereji wa kilomita mbili. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeweza kuifanya isipokuwa mamlaka ya umma, na ndiyo iliyoachwa wakati mamlaka hiyo ikihangaika na kuta. Mtaa wa Hanna Nassif, Kinondoni, ulitoa jibu la kiasi katikati ya miaka ya 1990: wakazi wenyewe walichimba mifereji na kutengeneza njia kwa malipo na kwa kujitolea, Shirika la Kazi Duniani likisaidia, halmashauri ikitoa wataalamu. Mafuriko yakapungua na nyumba zikapanda thamani. Na kodi? Mtaa ukiboreka, mwenye nyumba hupata faida mara mbili, na mpangaji aliyechimba mfereji anaweza kuwa wa kwanza kushindwa kulipa. Hapa hoja yangu yenyewe inapata jeraha, na sioni tiba yake katika kuacha kuboresha mitaa. Tiba ni vyumba vingi zaidi, yaani viwanja vilivyopimwa kwa wingi kiasi kwamba mwenye nyumba anayepandisha kodi awe na jirani wa kumnyang'anya mpangaji.

Miaka ya 1990 ilivunja vizuizi vingi kwa pamoja. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Azimio la Zanzibar la 1991 liliwaruhusu viongozi kupangisha nyumba, jambo ambalo wengi waliliona kama usaliti, nami naliona kama ungamo lililochelewa, ingawa lilianza na wasiohitaji msaada. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1999 ziliyatambua makazi yaliyokuwa yakiitwa holela na kufungua njia ya kuyarasimisha. Sera ya maendeleo ya makazi ya mwaka 2000 ikafuata mkondo huo, na mwaka 2004 zikaanza kutolewa leseni za makazi, za muda mfupi, kwa wenye nyumba ambao hawakuwahi kuwa na hati. Ukizisoma pamoja, utaona mtu aliyetambuliwa hatimaye ni mwenye nyumba mdogo, robo karne baada ya kuujenga mji. Mpangaji wake hakutambuliwa. Serikali ya miaka ya 1960 na 1970 ilimzungumzia sana mpangaji, ila kama mtu wa kuokolewa kutoka kwenye kupanga. Ya miaka ya 1990 ilimwona kama mtu ambaye siku moja atakuwa na leseni yake. Hakuna iliyomchukulia kama mtu atakayekuwa mpangaji kwa miaka ishirini, na pengine maisha yake yote ya mjini, anayehitaji mkataba ulioandikwa, risiti, notisi ya miezi inayojulikana, na kodi ya mwezi kwa mwezi badala ya mwaka mbele. Sheria ya kudhibiti kodi, ambayo kwa vitendo ililinda zaidi wapangaji wa majengo rasmi kuliko wa uswahilini, ilifutwa mwaka 2005 bila nyingine nyepesi kuwekwa mahali pake. Mwenye nyumba wa Tandika na mpangaji wake, wakigombana juu ya kodi au choo, wakabaki na mjumbe, wazee wa mtaa, na dalali ambaye amelipwa na mmoja wao.